Koti Lililolala Kajiado

Gauni jeusi la Valerie lilikuwa limeanza kupauka, na hakuna mtu Kitengela nzima aliyeumizwa na jambo hilo kuliko Adero. Mwenye gauni mwenyewe hakujali. Alikuwa amelivaa karibu mwaka mzima tangu mumewe Oyoo azikwe, na jua la Kajiado lilikuwa limeyala mabega yake mpaka yakawa kahawia. Lakini Adero alikuwa mke wa Ouko, mdogo wake marehemu, na kila alipoyaona mabega yale aliona siku zake zinahesabiwa. Katika ukoo wao mambo yalikuwa wazi. Mjane akiwa ndani ya nguo nyeusi haguswi. Akiivua, ndugu wa marehemu hutumwa kulala nyumbani kwake ili amfungue, desturi wanayoiita tero. Oyoo alikuwa na ndugu mmoja tu, na ndugu huyo ndiye aliyekuwa akikoroma kitandani kwa Adero kila usiku.

Walikuwa watu wa kanisa, ndiyo. Ouko aliimba kwaya na kadi yake ya zaka haikuwa na pengo. Lakini Adero hakuwa mtoto. Alikuwa ameona wanakwaya wangapi wakiitwa nyumbani na wazee, wakaenda wakilalamika, wakarudi wakipiga mluzi?

Jumapili hiyo Valerie alikuja kula chakula cha mchana baada ya ibada. Adero alikuwa amepika samaki, na kichwa cha samaki, ambacho kwa miaka yote ya ndoa yao hakikuwahi kupita mbele ya Ouko, siku hiyo kilipita. Ouko alikiinua kwa kijiko, akakiweka kwenye sahani ya Valerie.

"Kula, shemeji. Umekonda," alisema.

Adero akatafuna ugali wake kama anayetafuna kokoto. Cindy, binti yao wa kidato cha pili, akamtazama mama yake, akatazama kichwa cha samaki, akainamia simu yake.

"Baada ya misa ya ukumbusho nitaiweka hii nguo kando," Valerie alisema bila kulenga mtu. "Imechoka, na mimi pia nimechoka nayo."

"Ni kweli imechoka," Ouko akaitikia, na kwa masikio ya Adero aliitikia upesi mno. "Hata Oyoo mwenyewe angesema inatosha."

Hapo ndipo Adero alipofungua mdomo wake, na angejua ulikokuwa unampeleka angeujaza ugali. "Itupwe ya nini?" akasema kwa sauti tamu. "Hiyo ni pamba safi. Ni rangi tu imetoka. Niachie mimi, nyieka, niitie rangi. Utaonekana kama umeinunua jana. Huwezi kusimama kwa ukumbusho wa bwana yako na mabega ya kahawia."

Kwa Kijaluo wake wa ndugu huitana nyieka, neno lile lile la mke mwenza, na neno hilo limetoka tumbo moja na nyiego, yaani wivu. Wazee waliolitunga hawakuwa wajinga. Adero alikuwa akilitumia mwaka mzima kwa tabasamu, na kila mara lilimkwaruza koo.

Valerie akayatazama mabega yake. "Sawa," akasema. "Ukitaka."

"Basi na koti langu pia, Mama Cindy," Ouko akadakia. "Lile jeusi la ukumbusho. Limekuwa kama la mlinzi."

*

Kutia nguo rangi si kazi ya kificho. Inataka sufuria kubwa ambayo hutapikia tena, moto usiozimika, chumvi, na maji mengi mengi. Vyote hivyo Adero alikuwa navyo isipokuwa maji na ruhusa. Maji ya ploti yao yalitoka kisimani na yalikuwa magumu kiasi kwamba sabuni iligoma kutoa povu. Ruhusa ilikuwa mikononi mwa Mulinge, msimamizi wa ploti, ambaye alitokea kabla hata jiko halijashika.

"Mama Cindy, hiyo ni nini?"

"Ni rangi ya nguo tu, Mulinge. Saa moja na nimemaliza."

"Hapana. Juzi mama wa namba saba alimwaga hiyo kitu, choo ya watu ikakuwa nyeusi mpaka mwenye ploti akanipigia simu. Hapa si kiwanda."

"Nitamwaga barabarani."

"Barabara pia iko na wenyewe." Mulinge akainama, akauchomoa ukuni mmoja kwa kidole na gumba kama anayeshika panya, akauweka kando. "Kama hauna nguo ya matanga si uombe mtu?"

Majirani wawili waliokuwa wakianika nguo walisikia, na mmoja akacheka. Adero alirudi ndani, uso umemwaka. Eti uombe mtu! Yeye ambaye hakuwa akiomba hata kibiriti! Akampigia Valerie, akijipanga kusema kwamba wiki ingeisha bila kazi kufanyika. Valerie akamjibu kama jambo jepesi kabisa: "Si ukuje huku? Niko na tangi la maji ya mvua, na uwanja mkubwa. Hakuna mtu atakusumbua."

Kwenda au kutokwenda? Asipokwenda, gauni litavuliwa. Ijumaa asubuhi Adero akalikunja koti la mumewe ndani ya mfuko, akatia pakiti tatu za rangi na kilo ya chumvi, akashika njia ya Kajiado.

*

Valerie alikuwa akipanga nyumba ya mabati pembeni mwa mji, peke yake, mtoto wake akiwa bweni. Uwanja ulikuwa wazi hadi kwenye ua wa miiba, na jirani yake, mama Mmaasai aliyeuza maziwa, aliwasalimu "Supa!" akapita na mitungi yake. Maji ya tangi yalikuwa laini. Adero aliyagusa akaona wivu hata wa maji.

Waliwasha moto kwenye mafiga. Waliloweka nguo kwanza, kwa sababu nguo kavu hunywa rangi kwa mabaka. Valerie alikuwa amejifunga leso kuukuu ya maua mekundu, na Adero hakuwa amemwona ndani ya rangi nyingine tangu mazishi. Shingo ile! Mikono ile! Mwanamke alikuwa amekaa mwaka mzima ndani ya giza na bado alikuwa mzuri. Mtu anayelia sana haruhusiwi kung'aa namna hiyo.

"Ouko anakuja huku mara nyingi?" Adero aliuliza, akikoroga chumvi kwenye maji.

"Alikuja kutengeneza mfereji wa tangi. Na siku ile alipoleta karo ya mtoto."

"Mfereji hakuniambia."

"Pengine alisahau."

"Ouko hasahau mfereji."

Valerie alipoingia ndani kutafuta fimbo ndefu ya kukorogea, Adero akafanya jambo ambalo hakulipanga. Pakiti iliyotosha gauni moja ilikuwa moja. Akararua mbili, akazimimina zote. Maji yakawa mazito, meusi ti. Akalitumbukiza gauni humo na kulikandamiza kwa kibao, moyoni akisema: kaa humo. Kaa humo mwaka mwingine. Kaa humo mpaka Ouko awe mzee.

Gauni lilitoka na weusi wa kutisha. Kola ya nailoni tu ndiyo iliyokataa, ikabaki na kijivu chake, kwa sababu nailoni haisikii rangi ya unga hata uipigie magoti. Valerie alilisuuza mara nne na bado maji yalikuwa yanatoka meusi.

"Uliweka ngapi, nyieka?"

"Kipimo chake."

"Hii haitapauka tena mpaka nife," Valerie akasema, akalicheka gauni lake mwenyewe. Kilikuwa kicheko cha uchovu, na Adero alijisikia vibaya kidogo, lakini kidogo tu.

Koti likapata pakiti moja iliyobaki na maji yaliyokwisha kuchoka. Lilitoka jeusi la wastani. Ndipo wingu likaja kutoka upande wa Kiserian. Kajiado mvua ikiamua haiulizi mtu. Walikimbia, Valerie na gauni, Adero na koti, wakaingia sebuleni wakidondosha michirizi myeusi sakafuni. Adero akaona msumari ukutani karibu na mlango wa chumba, akaliweka koti kwenye hanga, akalitundika pale, akalinyoosha mabega na mikono, akaweka beseni chini yake. Alikuwa mwangalifu. Lilikuwa koti la mume wake.

Mvua ilipopungua, koti lilikuwa bado linatona. Hawezi kubeba koti bichi la rangi kwenye gari la watu. "Nitalijia kesho," akasema, akaenda zake.

*

Jioni ile Ouko alipofika kutoka kazini jambo la kwanza kuuliza lilikuwa koti.

"Limebaki kwa Valerie likauke."

"Basi kesho nitapitia huko nilichukue. Niko off."

"Ulikuwa unaenda kwa mazoezi ya kwaya."

"Naweza kukosa siku moja."

Kwa miaka yote Adero alikuwa akimwomba akose kwaya siku moja ampeleke sokoni, na hakuwahi kukosa. "Nitaenda mwenyewe," alisema, na akautia mwiko kwenye ugali kwa nguvu hadi sufuria ikasogea.

*

Kesho yake Adero aliposhuka Kajiado alimkuta mzee Ojwang ameketi kwenye kigoda barazani kwa Valerie, kofia magotini. Alikuwa baba mdogo wa akina Ouko, mstaafu anayeishi Nkoroi, na ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo kwa wote waliokuwa huku mjini. Hakuingia ndani, kwa sababu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe hivi hivi. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlango ule koti la Ouko lilionekana limening'inia ukutani, mabega yamenyooka, kama mwanamume aliyekwisha fika nyumbani kwake.

"Oyawore, nyar Ugenya," mzee akamsalimu, kwa jina la kwao, binti wa Ugenya, kama ilivyo heshima. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Adero hakuielewa. "Nilikuwa nimekuja kupanga mambo ya ukumbusho, na hili jambo lingine gumu. Nilikuwa sijalala nikifikiria nitaanzia wapi. Kumbe watoto wamenitangulia!"

"Jambo gani, baba?"

Mzee akaelekeza kofia yake mlangoni. "Si ni koti la Ouko hilo? Nalijua. Nilikuwa naye siku aliyolinunua."

"Ni lake."

"Lililala hapa?"

"Lililala, lakini..."

"Basi imekwisha." Mzee akapiga goti lake. "Zamani ilikuwa lazima mwanamume mwenyewe alale. Siku hizi na magonjwa, na kanisa, wazee tumekubali: koti likilala kwa mjane, limelala kwa niaba ya mwenyewe. Valerie amefunguliwa. Hiyo nguo anaweza kuivua hata leo."

Valerie alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, ndani ya leso ile ya maua mekundu. Adero alimtazama, akatazama koti, na hasira ikampanda hata akasahau kwamba anaongea na baba mkwe.

"Hapana, baba! Ouko hajakanyaga hapa! Ni mimi nililileta. Mimi! Nililibeba kwa mfuko kutoka Kitengela, na ni mimi nililitundika hapo kwa mkono wangu!"

Alidhani ameubomoa ukuta. Kumbe mchimba kisima huingia mwenyewe. Mzee Ojwang alikuwa amesimama. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe! Kwa sababu ya..."

"Nyar Ugenya." Mzee akauchukua mkono wake kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya harusi. "Nimezeeka, lakini sijaona hii. Wanawake hupiga nduru, hufunga mlango, humwagia watu maji. Wewe umembebea mwenzako koti la bwana yako, ukalitundika. Huo ndio ukubwa wa nyumba. Mke mkubwa akikubali, nani atabisha?"

"Ilikuwa mvua, baba," Adero akasema, lakini sauti ilikuwa imekwisha.

"Mvua ni baraka," mzee akajibu, na tayari alikuwa na simu sikioni akiwapigia nyumbani. Adero alisikia jina lake likisifiwa kwa Kijaluo kwa sauti ya juu, mbele ya uwanja wote, na kila sifa ilimchoma. Alikuwa ameondoka kwake asubuhi akiwa mke pekee. Sasa alikuwa mke mkubwa. Angesema nini? Akikana tena, wazee watasema sawa, koti liondoke, na tarehe itapangwa ya Ouko mwenyewe kuja. Akinyamaza, koti litabaki na jina la mke mkubwa litabaki nalo.

Alinyamaza. Ulikuwa ukimya wa uchungu kuliko neno lolote alilowahi kusema.

*

Mzee alipoondoka, Valerie alimimina chai.

"Ulijua," Adero akasema. "Jana. Uliniona nikilitundika ukanyamaza."

"Nilijua."

"Umenichukulia bwana kwa koti!"

"Sikutaka bwana yako, Adero." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, bila nyieka. "Kuna mtu. Anaitwa Nelson, ni mwalimu huko Kiserian. Anataka tuoane. Watu wa kwao ni kama wetu tu, wamesema hawawezi kupokea mjane ambaye hajafunguliwa. Nimeomba Mungu mwaka mzima hiyo kitu ifanyike bila mwanamume kuingia hapa. Halafu wewe ukakuja na koti kwa mfuko. Ungekuwa mimi ungesema nini?"

Adero alikuwa amekaza moyo wake kwa vita, na sasa hapakuwa na wa kupigana naye.

"Kwa nini hukuniambia kuna Nelson? Mwaka mzima nimekufa kila Jumapili!"

"Ungemwambia Ouko."

"Na Ouko akijua kuna nini?"

Valerie alikizungusha kikombe chake bila kunywa. Alitaka kusema kitu, akakimeza. "Hakuna," akasema. "Kunywa chai."

Koti lilikuwa limekauka. Adero alilishusha, akalishika, kisha akalirudisha msumarini. Gauni jeusi lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, limeiva rangi kuliko siku liliponunuliwa, na hapakuwa na wa kulivaa.

*

Ouko alikuwa sebuleni akimngoja. Hakuwa ameenda kwaya.

"Koti liko wapi?"

Adero akamweleza yote: mvua, msumari, mzee Ojwang na machozi yake. Ouko alisikiliza mdomo wazi, kisha akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu.

"Yaani ni wewe umenioza? Wewe, Adero, na huo wivu wako?"

Kilikuwa kicheko kizuri, kicheko cha zamani, na Adero akajikuta naye anacheka. Moyo wake ukapoa. Labda alikuwa mjinga mwaka wote huu. Labda kichwa cha samaki kilikuwa kichwa cha samaki tu.

"Na Valerie?" Ouko akauliza, akijipangusa macho. "Alisema nini?"

"Amefurahi. Sasa anaweza kuolewa. Kuna mwalimu wa Kiserian, Nelson. Baada ya ukumbusho watapeleka habari kwa wazee."

Kicheko kilikatika. Ouko alitazama televisheni, na televisheni ilikuwa imezimwa.

"Mwalimu?"

"Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Sikuuliza."

"Hakuniambia," Ouko akasema, polepole, kwa sauti ya mtu aliyefika mezani akakuta sahani zimekwisha ondolewa. "Mara zote nimeenda pale, hakuniambia."

Adero aliuona uso ule wote. Hakuhitaji kuuliza mara zote ni ngapi, wala kama mfereji wa tangi ulikuwa mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na yeye mwaka mzima alikuwa akitafuta kwenye nguo ya mwanamke mwingine. Wivu wake haukuwa wa uongo. Ulikuwa umebisha mlango usio wake tu. Yule aliyemwogopa hakutaka chochote, na huyu aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa ametaka, ametamani, na amekataliwa, na sasa alikuwa akiomboleza mbele ya mke wake bila hata aibu ya kugeuza uso. Ilimuuma Adero mpaka kwenye meno.

Ouko akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake. "Wacha niende nilichukue hilo koti mwenyewe. Ni langu."

"Keti."

"Ni koti langu, Mama Cindy. Nitavaa nini kwa ukumbusho?"

"Keti, Baba Cindy. Koti limeshaoa. Wewe umebaki na mimi."

Alimsubiri mpaka akaketi, ndipo akaenda jikoni kupasha chakula.